Maswali Yenu: Bisi, Vinundu na Marinda Juu ya Kitambaa cha Neti

Haya wapenzi wa sindano. Toleo lililopita niliongelea neti, vile vitambaa vya kroshia vya matundu ambavyo unaziba baadhi ya matundu mpaka linatoka ua au ndege au jina la bwana harusi, na mwishoni nikagusia kidogo tu kwamba ile neti inaweza kubeba mapambo yaliyovimba. Kumbe hapo ndo nimewachokoza, maswali yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka jambo hilo hilo, nimechagua machache, na wengine mkiona swali lako halipo basi angalia jibu la mwenzako kwanza maana mengi yanafanana.

Kabla ya yote tuelewane majina. Nikisema trebo namaanisha ile ya kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuingiza, video nyingi za Wamarekani wanaiita dabo na wengi mnapotelea hapo. Tundu wazi ni trebo, cheni 2, trebo. Tundu la kuziba ni lile ambalo badala ya zile cheni 2 unaweka trebo 2. Nguzo ni ile trebo iliyosimama kati ya tundu na tundu. Na bisi ni trebo 5 zilizobanwa pamoja mpaka zikavimba kama bisi ya mahindi. Twende.

Shikamoo Shangazi. Mimi nafuma vitambaa vya makochi huku Tanga, neti naijua vizuri tu. Mteja kaniletea picha ya kitambaa chenye vishada vya zabibu, zimevimba kabisa unaweza kuzishika. Nikaamua kila tundu la kuziba niliwekee bisi. Kitambaa kimekunjamana, pembeni kimeingia ndani na uzi umeisha hata nusu sijafika. Nifanyeje?
*Mama wa Makorora*

Marahaba mwanangu. Mkono wako hauna shida, shida ni mgao.

Neti yote inaishi kwa hesabu ya tatu. Kila tundu, liwe wazi au limezibwa, linachukua stichi tatu, nguzo moja na mbili za katikati, alafu mwisho wa mstari unaongeza nguzo moja ya kufungia, ndo maana kitambaa cha matundu 40 kinataka stichi 121. Na ukianza na tundu wazi unapiga cheni 125, trebo yako ya kwanza inaingia cheni ya 8 kutoka kwenye sindano. Bisi nayo lazima iheshimu hesabu hiyo hiyo, inakaa mahali pa zile mbili za katikati na nguzo haiigusi kabisa. Wengi wanaipiga bisi juu ya nguzo yenyewe, au wanaona zamani palikuwa na trebo mbili basi wanaweka bisi mbili kwenye tundu moja, sa hapo kitambaa kitakaaje sawa.

Fanya hivi. Fuma nguzo yako kama kawaida. Kama tundu la chini ni wazi ingiza sindano ndani ya ule uwazi wenyewe, piga trebo 5 humo humo, alafu vuta kitanzi kiwe kirefu kidogo ili kisifumuke, toa sindano, kiache kinaning'inia. Ingiza sindano kichwani mwa trebo ya kwanza katika zile 5, kamata kile kitanzi, kipitishe, vuta mpaka zile tano zijikusanye na kutokeza mbele. Sasa piga cheni 1 ya kuifunga, ndo uende kwenye nguzo inayofuata. Hiyo cheni 1 watu wanaiona haina kazi wanairuka, kumbe ndo inayoirudishia bisi upana wake, maana trebo tano zimebanwa shingo moja na bila hiyo cheni tundu linakuwa jembamba kuliko wenzake, ukiwa na bisi 20 kwenye mstari mmoja unashangaa kitambaa kimeingia ndani. Nina hakika kabisa hapo ndo pembeni pako palipoharibikia.

Kama chini yake kuna tundu la kuziba, ingiza katikati ya zile trebo mbili. Kama chini kuna bisi nyingine, ingiza kwenye ile cheni iliyoifunga. Na mstari wa juu ukifika kwenye bisi, kwa tundu wazi unapiga cheni 2 unaivuka tu bila kuigusa, kwa tundu la kuziba unapiga trebo 2 zote kwenye ile cheni.

Suala la uzi ni hesabu ya darasa la pili. Tundu la kuziba linakula trebo 2 za katikati, bisi inakula 5. Ukiweka bisi 100 umeongeza trebo 300 ambazo kwenye bajeti yako hazikuwepo. Kwa hiyo kabla hujamtajia mteja bei, fuma kipande cha matundu 10 kwa 10 na bisi zake ndani, pima uzi kwenye mzani mdogo kabla na baada, gramu zilizopungua zidisha kwa ukubwa wa kitambaa. Na ukipata wa kukuambia eti bei ni ile ile ya neti ya kawaida, mwonyeshe mzani.

Sasa kukunjamana. Bisi ni nzito na nene, zikiwekwa zote bega kwa bega zinasukumana, na neti ya pembeni ni nyepesi haiwezi kuzishika, basi inajivuta. Mimi kishada cha zabibu nakizungushia kwanza mstari wa matundu ya kuziba ya kawaida, ndani yake ndo bisi zinaingia, moja bisi moja ziba, moja bisi moja ziba, na mstari wa pili unazihamisha ziwe zimepishana, kama bao la drafti. Macho ya mtu yanaona kishada kizima kimevimba wakati umeweka nusu tu. Majani usiyavimbishe, kikonyo usikivimbishe, yakiwa bapa ndo zabibu zinaonekana. Kuna watu wanadhani kuvimbisha kila kitu ndo ufundi, mimi naona ni kumficha mteja asijue aangalie wapi. Mteja wako akiwa mtu wa Dodoma atakusahihisha mwenyewe, wale wanazijua zabibu.

Hicho ulichoanza kifumue, uzi wa pamba unarudi vizuri ukiuzungusha kwenye kiti, ukaulowesha na kuuacha ukauke umenyooka.

Salam Shangazi, mimi niko Mombasa. Bisi zangu nyengine zatokeza mbele, nyengine zatokeza nyuma, mstari mmoja hivi mstari mmoja vile. Kitambaa hakina mbele wala nyuma. Ni sindano au ni mimi?

Si sindano dada, ni kugeuza. Neti unaifuma kwa kwenda na kurudi, kwa hiyo mstari mmoja unakitazama kitambaa usoni na unaofuata unakitazama mgongoni, na bisi inatokeza upande ule sindano ilikoingilia.

Ukiwa upande wa mbele, ukishatoa kitanzi ingiza sindano kwenye trebo ya kwanza kutokea mbele kwenda nyuma, bisi inakujia wewe. Ukiwa upande wa mgongo, ingiza kutokea nyuma kuja mbele, bisi inakukimbia inaenda upande wa pili, ambako ndo mbele ya kitambaa. Basi ni hilo tu. Kila mstari jiulize niko upande gani, na usitegemee kichwa, funga kipande cha uzi mwekundu upande wa mbele mapema kabisa, mstari wa pili au wa tatu, hata ukiacha kazi wiki mbili ukirudi unajua.

Kinundu ni mambo mengine. Kinundu ni zile trebo 5 ambazo hukuzimalizia, kila moja unaiacha na kitanzi kimoja cha mwisho kwenye sindano mpaka unakuwa na vitanzi 6, alafu unavuta uzi kupita vyote mara moja. Hicho chenyewe kwa tabia yake kinajisukuma kwenda nyuma, mbali na wewe, hata ufanyeje. Kwa hiyo vinundu vifumwe kwenye mistari ya mgongo tu, na chati yako, ule mchoro wa viboksi unaoufuata, ichore hivo tangu mwanzo. Ukitaka kinundu kwenye mstari wa mbele utakuwa unakisukuma kwa kidole kila saa na bado kitalala.

Na pufu, ile ya kuvuta vitanzi virefu virefu vinne au vitano kwenye tundu moja bila kuvimalizia kisha unavifunga pamoja, inavimba pande zote mbili sawasawa. Kwa pazia la dirishani ambalo linatazamwa ndani na nje mimi ningetumia pufu. Ila kwa kitambaa cha kochi sitaki hata kuisikia, vile vitanzi virefu vinanaswa na pete na bangili na kucha za watoto, mwezi haujaisha zimeshatoka nyuzi.

Wachora chati: mistari ya mbele inasomwa kulia kwenda kushoto na ya mgongo kushoto kwenda kulia, kama unafuma kwa mkono wa kulia. Daftari la hesabu la viboksi linatosha kabisa, boksi moja tundu moja, boksi jeupe wazi, boksi lenye alama ya X limezibwa, boksi lenye nukta nene ni bisi. Ukimaliza kuchora weka kamshale pembeni ya kila mstari kuonyesha unakotokea, hutapotea.

Shangazi habari, Nakuru hapa. Mimi nataka mistari iliyosimama, iinuke kwenye mesh ya pazia kutoka chini hadi juu. Bisi hazifanyi hivyo. Kuna njia?

Ipo na ni rahisi kuliko bisi. Badala ya kuingiza sindano kichwani mwa nguzo ya chini, unaikumbatia. Zungusha uzi, ingiza sindano kutokea mbele upande wa kulia wa nguzo, ipite nyuma yake, itokeze mbele tena upande wa kushoto, alafu malizia trebo yako. Nguzo mpya inakuwa imeikaa ya chini kwa mbele na inainuka. Ukirudia kwenye nguzo hiyo hiyo mstari hadi mstari unapata mbavu inayopanda. Kwenye mistari ya mgongo unakumbatia kwa kinyume, sindano inaanzia nyuma, inazunguka mbele ya nguzo, inarudi nyuma, ili uvimbe ubaki upande wa mbele.

Kitu cha kuangalia ni urefu. Trebo ya kukumbatia inaanzia chini zaidi kuliko ya kawaida, kwa hiyo ukikumbatia nguzo zote mstari wako unakuwa mfupi na matundu yanakuwa bapa, na ukikumbatia moja moja ile moja inavuta kitambaa chini na kuacha kitundu cha ajabu pembeni yake. Dawa yake ni kuinyoosha ile unayokumbatia, vuta kitanzi cha kwanza juu mpaka kiwe sawa na wenzake, au piga dabo trebo, ile ya kuzungusha uzi mara mbili, kwa hizo tu. Mstari wa kwanza kabisa huwezi kukumbatia kwa sababu hakuna nguzo chini yake, na nguzo za mwanzo na mwisho wa mstari ziache za kawaida ukingo usipinde. Kwa pazia mimi ningekumbatia nguzo moja, niache nne, nikumbatie moja. Pazia likishatundikwa uzito wake unalivuta na zile mbavu zinanyooka zenyewe.

Assalam alaikum. Nna kitambaa cha meza cha marehemu mama, neti tupu haina hata ua, alikifuma yeye mwenyewe Unguja nikiwa mdogo. Nataka kukipamba nimpe binti yangu anaolewa. Inawezekana kuongeza kitu juu ya neti ambayo ishamalizwa?

Waalaikum salaam, na Mungu amrehemu mama. Inawezekana, na kwa kweli neti tupu iliyomalizwa ndo nzuri zaidi ya kupamba kuliko unavyofikiri, kwa sababu kila tundu tayari ni mahali pa kupitisha sindano. Ila kwanza kikague. Kishike kwenye mwanga, vuta taratibu kwa vidole sehemu tatu nne, hasa kwenye mikunjo ya kabatini, uzi wa pamba wa miaka mingi unaoza kwenye mikunjo. Ukisikia unakatika basi usikibebeshe kitu, kioshe kwa sabuni laini na umpe binti kama kilivyo. Na tafadhali usikiloweke kwenye jiki ili kiwe cheupe, ile rangi ya maziwa ndo umri wake.

Kikiwa imara una njia kama tatu, nne.

Nyepesi kuliko zote ni cheni ya juu. Uzi unaushika chini ya kitambaa, sindano iko juu, unaiingiza kwenye tundu, unavuta kitanzi kije juu, unaenda tundu la jirani, unavuta kitanzi kingine kipite ndani ya kile cha kwanza. Unaandika nacho kabisa, jina la binti, shina la ua, mzunguko wa pembeni, popote. Usivute kwa nguvu, kila kitanzi kiwe na urefu wa kutosha kuvuka nguzo, ukibana matundu yanageuka pembetatu.

Ya pili ni marinda. Hapa unafuma trebo kwenye kuta za matundu, unakigeuza kitambaa kila ukifika pembe. Unashuka na nguzo ya kwanza ukiizungushia trebo 3, unapita chini kwenye ile cheni ukiizungushia trebo 3, unapanda nguzo ya pili trebo 3, unapita juu kwenye cheni ya tundu linalofuata trebo 3, unashuka tena, hivo hivo mpaka mwisho. Linatoka rinda linalojipinda lenyewe, limesimama juu ya neti. Mstari mmoja wa rinda kuzunguka meza unatosha. Watu wanajaza kitambaa kizima, vizuri kwa zulia la bafuni, lakini kwenye meza ukiweka glasi inaanguka.

Ya tatu ni magamba. Chukua nguzo mbili zilizo jirani. Ya kwanza unaifumia trebo 5 kutoka juu kushuka chini, piga cheni 1, alafu nguzo ya pili unaifumia trebo 5 kutoka chini kupanda juu. Gamba limeshakaa. Ruka tundu moja, fanya jingine. Mstari wa juu yake anzia kwenye yale matundu uliyoruka ili magamba yapishane. Uzi unakwenda kweli kweli kwa hii, weka pembe nne tu za kitambaa.

Na ya nne ambayo mimi kwa ajili ya binti ndo ningeichagua, ni mawaridi ya kufuma pembeni kisha kuyashona. Funga duara la cheni 8, weka vitanzi 6 vya cheni 3 vilivyoshikwa kwenye duara kwa stichi fupi (ile isiyozungushwa uzi kwanza), kila kitanzi kijaze petali moja: stichi fupi, hafu trebo (unazungusha uzi mara moja, mwisho unavuta kupita vitanzi vyote vitatu kwa pamoja), trebo 3, hafu trebo, stichi fupi. Kisha geukia nyuma ya petali, piga vitanzi vingine 6 vya cheni 5 ukivishikiza kwenye shina, na petali zake ziwe na trebo 5. Ukitaka tabaka la tatu nyuma yake, cheni 7 na trebo 7. Waridi linasimama lenyewe. Ukilishona shikiza kwenye nguzo, usishikize kwenye cheni, cheni zinavutika na waridi litaanguka uso chini. Faida yake ni kwamba hujaigusa kazi ya mama, siku mjukuu akitaka neti tupu anakata nyuzi chache tu mawaridi yanatoka.

Uzi tafuta unaokaribiana unene na ule wa zamani. Namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba, vitambaa vingi vya meza ni namba 10 au 20, na sindano ni kama milimita 1.5 kwa namba 10 na 1.25 kwa namba 20. Rangi usihangaike kuilinganisha, haitalingana. Chagua inayotofautiana waziwazi ionekane umekusudia.

Naomba kujua hii kazi ilianzia wapi. Hapa Muscat jirani yangu anasema ni ya Wareno, mama mkwe anasema ni ya masista wa misheni.

Wote wawili wana haki ya kusikilizwa lakini chanzo chenyewe ni kirefu kidogo. Neti ya kwanza kabisa haikuwa ya kroshia. Ilikuwa nyavu halisi, imefungwa fundo kwa fundo kwa mkono kwa njia ile ile wavuvi wetu wanavyofuma nyavu, kisha mtu anachukua sindano ya kushonea na kujaza matundu mpaka picha inatokea. Ulaya walikuwa nayo zamani sana, mwaka 1587 Mtaliano mmoja anaitwa Federico de Vinciolo alichapisha Paris kitabu cha michoro na ndani yake mna ya viboksi ambayo ukiiona leo unaweza kukaa chini ukaifuma. Kroshia ilikuja baadaye sana, karne ya 19, ikaiga nyavu zile kwa trebo na cheni kwa sababu ni haraka zaidi, hakuna kufunga mafundo.

Mtu ninayempenda mimi kwenye historia hii ni Mary Card wa Australia, alizaliwa 1861. Alikuwa mwalimu, masikio yakaanza kukataa, akaacha darasa akaingia kwenye kubuni mitindo ya kroshia, na chati zake za neti zikawafikia wanawake wengi kupitia magazeti. Alifariki 1940. Hizi chati za viboksi tunazotumiana kwenye simu ziko kwenye ukoo ule ule.

Lakini nyie mmeniuliza kuhusu kuvimba, na hapo lazima twende Ayalandi. Viazi vilioza huko kuanzia 1845, njaa kubwa, watu wakafa na wengine wakakimbilia Amerika. Mwaka 1847 mke wa kasisi wa mji wa Clones, Cassandra Hand, akaanzisha kazi ya kroshia ili wanawake wapate cha kuuza. Walikuwa wanaiga lesi za Venice zilizovimba ambazo kwa sindano ya kushonea zilichukua muda mrefu mno, wao wakazifuma kwa sindano ya kroshia, mawaridi na majani kila moja peke yake, ndani wanalaza kamba nene wanafuma juu yake ili petali iinuke, kisha wanayaunganisha yote kwa wavu mwembamba. Kwenye ule wavu wakaweka na kifundo chao ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina la mji.

Kifundo chenyewe unaweza kukijaribu leo. Piga cheni 4, vuta kitanzi kirefu kidogo. Zungusha uzi, pitisha sindano chini ya cheni zile, kamata uzi, rudi juu. Zungusha tena, chini, juu, chini, juu, mpaka umeifunika cheni kwa mizunguko 8 au 10. Kamata uzi uuvute kupita yote kwa pamoja, ndo pagumu hapo, shika kifundo kwa kidole gumba na uzungushe sindano kidogo kidogo ukivuta. Kifunge kwa stichi fupi kwenye cheni. Usikiweke ndani ya tundu la kawaida la cheni 2, hakitoshi. Kinakaa vizuri kwenye pindo, kwenye vitanzi vya mwisho vya kitambaa.

Ua langu limekuwa refu kama papai, kwenye chati lilikuwa duara. (Bukavu)

Matundu yako si mraba. Fuma kipande cha 10 kwa 10, kioshe, kikikauka kipime pande zote mbili. Urefu ukizidi upana, mkono wako unavuta trebo juu mno: ile mara ya kwanza unapoingiza sindano na kuvuta kitanzi, kiache kifupi, urefu wote wa trebo unaamuliwa pale. Ukishindwa badilisha neti nzima iwe ya cheni 3 na ziba ya trebo 3, hesabu yako sasa ni ya nne na siyo ya tatu. Upana ukizidi urefu, kivute kitanzi kile juu zaidi au tumia dabo trebo. Bisi hazitakusaidia kurekebisha, usijaribu.

Shangazi bisi zangu nikipiga pasi zinalala zote, na stachi ya dukani inaziacha ngumu kama mawe. Nafanyaje? (Mbagala)

Bisi haipigwi pasi usoni hata siku moja. Tandika taulo nene, ikiwezekana lililokunjwa mara mbili, laza kitambaa uso chini, bisi zizame kwenye taulo, pasi ipite mgongoni kwa mvuke bila kukandamiza. Ila kama una muda achana na pasi kabisa. Kiloweshe, kamua kwa kukibana ndani ya taulo usikinyonge, kitandaze kwenye godoro lililofunikwa shuka safi, bana kingo kwa pini zisizoshika kutu ukianza na pembe nne, kisha katikati ya kila upande, kisha gawa nusu nusu. Pima kwa tepu usikisie.

Stachi tengeneza nyumbani. Wanga wa muhogo kijiko kimoja cha chakula, koroga kwanza na maji baridi kidogo usiwe na madonge, ongeza maji yafike nusu lita, pika huku unakoroga mpaka ung'ae uwe mwepesi, upoe. Chovya kitambaa, kamua. Kwenye vitambaa vyenye bisi nauzimua tena kwa maji sawa kwa sawa maana bisi inanyonya kuliko neti, ndo hiyo inayokuletea mawe. Wale wa kutumia maji ya sukari, inagandisha vizuri sikatai, lakini msije kuniandikia kuhusu sisimizi.

Kikiwa bado kibichi kwenye pini, pita na kitako cha sindano chini ya kila bisi uisukume juu, moja moja, na uiache ikaukie hapo hapo kivulini.